Vitabu ni vyetu, rekodi tunazipakua Washington

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe dukuduku nililokaa nalo muda mrefu. Mimi ni mkutubi wa maktaba ya shule ya sekondari hapa Tanga. Nilisomea kazi hii Bagamoyo, nikaianza enzi za kadi: unapiga taipu maelezo ya kitabu kwenye kadi ngumu, kadi inatobolewa tundu chini, unaipanga kwenye droo na kupitisha fimbo ili watoto wasizichomoe. Leo kadi zile zimeliwa na mende na kazi inafanyika kwa kompyuta. Hilo silalamikii hata kidogo. Ninalolalamikia ni yaliyomo ndani ya kompyuta hiyo: maelezo ya vitabu vyetu tunayoyachukua Marekani, mada zake zikiwa za Kiingereza.

Mwezi uliopita kijana wa kidato cha tano aliingia baada ya vipindi, akaniamkia, akakaa kwenye kompyuta ya wasomaji na kuandika neno "mashairi". Mfumo ukamletea vitabu vinne, vile tu ambavyo neno hilo limeandikwa kwenye jina la kitabu. Nyuma ya mgongo wake, hatua chache kutoka kwenye kiti alichokalia, kulikuwa na rafu nzima ya diwani: Shaaban Robert, Amri Abedi, Mnyampala na wengine. Akanigeukia akasema, "Mwalimu, kumbe vyenyewe ni vinne tu?" Nikamwambia aandike "Swahili poetry". Akaandika, vikatoka thelathini na saba. Hakuuliza zaidi, akachukua kalamu akanakili namba. Lakini mimi nililala na jambo lile. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, jirani kabisa na mji huu, na mtoto wa Tanga hawezi kumpata kwenye maktaba ya Tanga mpaka aulize kwa Kiingereza.

Kwa wasioijua kazi yetu, nieleze kidogo. Kila kitabu kinachoingia maktaba kinaandikiwa maelezo: mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa, kinahusu nini, na namba ya kukiweka rafuni. Maelezo hayo ndiyo tunayoyaita rekodi. Kuandika rekodi moja vizuri, kuanzia mwanzo, hunichukua nusu saa, na kitabu kigumu hunila saa nzima. Maktaba yetu ina vitabu zaidi ya elfu tatu na mkutubi mmoja. Piga hesabu mwenyewe.

Ndiyo maana wakutubi duniani wamezoea kuazimana rekodi. Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyoko Washington, ilianza kuuzia maktaba nyingine kadi zilizochapwa tayari mwaka 1901, na biashara hiyo iliendelea mpaka 1997. Katikati ya safari hiyo, miaka ya 1960, mama mmoja mtaalamu wa kompyuta katika maktaba hiyo, Henriette Avram, aliongoza kazi ya kutengeneza mpangilio unaoitwa MARC. Ndani yake kila kipande cha maelezo kina namba yake: mwandishi ni 100, jina la kitabu ni 245, namba ya kimataifa ya kitabu (ISBN) ni 020, mada ni 650. Kwa kuwa namba ni zilezile kila mahali, kompyuta ya Tanga inaweza kusoma kilichoandikwa na kompyuta ya Washington bila mtu kukaa katikati. Kisha ikaja itifaki ya Z39.50, ambayo huiwezesha programu ya maktaba moja kuuliza katalogi, yaani orodha ya vitabu, ya maktaba nyingine moja kwa moja.

Sisi tunatumia Koha, programu ya kuendeshea maktaba. Programu hii ni bure. Ilianzia New Zealand, kwenye maktaba za wilaya ya Horowhenua, ikaanza kazi Januari 2000, na jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Kwetu imekuwa zawadi kweli. Ilipowekwa kwenye kompyuta mara ya kwanza tulihangaika siku tatu haileti kitu, kumbe mtoa huduma wetu wa intaneti alikuwa ameufunga mlango namba 210 ambao itifaki ile hupitia. Ulipofunguliwa, nilichukua riwaya moja kuukuu iliyochapishwa Dar es Salaam, nikaandika ISBN yake inayoanza na 9976, nikabonyeza. Sekunde chache tu, rekodi kamili ikaja: mwandishi, mwaka, kurasa, vipimo vya kitabu kwa sentimita. Nilikaa kimya nikaitazama. Miaka yangu yote ya taipu, na kumbe kazi hii mtu mwingine alikwishaifanya.

Basi nikapakua. Niliporudi kutoka likizo ya Desemba nilikuwa nimefikisha vitabu elfu moja na mia tano, kwa bando nililokuwa nikinunua mwenyewe pale umeme wa shule na intaneti vilipogoma. Namshukuru aliyeziandika. Wala msomaji asidhani kila rekodi imeandikwa na mtu asiyejua Kiswahili. Maktaba ile ya Washington ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, na ofisi hiyo hununua vitabu vya nchi zetu na kuviandikia rekodi kwa kutumia wafanyakazi wenyeji. Kwa hiyo kitabu kinaandikwa na Mtanzania, kinachapwa Dar es Salaam, kinapelekwa Nairobi, rekodi yake inakwenda Washington, na mimi naipakua Tanga. Waingereza wana maktaba yao, Wajerumani yao, nao hupakua kwa wenzao vitabu vya wenzao. Sisi tunapakua kwa wenzetu vitabu vya kwetu.

Nimelifikiria sana hili neno kupakua. Nyumbani mtu hupakua wali uliokwisha kupikwa, na anayepika ndiye anayejua chumvi ya walaji wake. Rekodi ya Washington imetiwa chumvi ya Washington. Mada zote ni za Kiingereza kwa sababu ndivyo orodha yao ya mada ilivyo, na wana haki, wanawatumikia wasomaji wao. Tatizo ni sisi kuzimeza hivyohivyo na kuwawekea watoto mezani.

Tena si suala la kutafsiri tu. Programu hizi za kutafuta zimezoea lugha ambazo neno hubadilika mwishoni. Kwa hiyo zinajua kukata mkia wa neno, na msomaji anaweza kuweka alama ya nyota mwishoni ili aletewe maneno yote yanayoanza kwa namna ile. Kiswahili kinabadilika kichwani. Mtoto anayetafuta "mvuvi" hapati kitabu chenye "wavuvi" wala "uvuvi". Anayetafuta "shairi" hapati "mashairi" wala "ushairi". "Kisiwa" hakileti "visiwa", na kwa mtu wa mwambao hilo ni kosa kubwa. Nyota ukiiweka mwanzoni, kwenye mfumo wetu haifanyi kazi. Hakuna wa Washington wala wa New Zealand atakayekesha kulitatua hili, kwa kuwa kwake halipo. Dawa yangu ya kienyeji imekuwa kuongeza kwa mkono maneno ya Kiswahili kwenye uga (kipande cha rekodi) namba 653, umoja na wingi, kitabu baada ya kitabu: mvuvi, wavuvi, uvuvi, bahari.

Na alama ya ng'. Mwanafunzi akiandika "ng'ombe" kwa simu, simu inaweka alama iliyopinda. Rekodi ina alama iliyonyooka. Kwa jicho la mtu ni kitu kimoja, kwa mfumo wetu ni vitu viwili. Nimewafundisha watoto waandike "ombe" tu, na nasikitika kila ninapolisema, maana ni mwalimu mwenzangu wa Kiswahili anayehangaika nao darasani wasiiache alama ile.

Majina ya waandishi ndiyo yanayoniumiza zaidi. Rekodi za kigeni huanza na jina la mwisho, kisha mkato, kisha jina la kwanza, kwa kuwa kwao jina la mwisho ni la ukoo. Kwetu wengi, jina la pili ni la baba na la tatu ni la babu. Robert alikuwa baba yake Shaaban. Katika rekodi nilizopakua kutoka maktaba mbalimbali ninaye Shaaban Robert chini ya S na ninaye chini ya R, na kwa kompyuta hao ni watu wawili. Chukua Wazanzibari watatu: Muhammed Said Abdulla, yule aliyetupa mpelelezi Bwana Msa, Said Ahmed Mohamed, na Mohamed Suleiman Mohamed. Geuza majina yao, weka mikato, fupisha mengine kwa herufi moja, kisha andika Mohamed kwa m moja hapa na m mbili pale. Nilipopanga orodha yangu kwa waandishi nilikuta vitabu vya watu hao vimechanganyika kama karata. Penina Muhando alichapisha tamthilia kwa jina hilo, baadaye akaandika kwa jina la Penina Mlama. Mwanafunzi mmoja aliandika insha nzima akiwalinganisha kama waandishi wawili. Simlaumu, katalogi yangu ndiyo iliyomwambia hivyo.

Wenye ujuzi watasema: pakua na rekodi za majina. Ni kweli, zipo, na kazi yake ndiyo hiyo, kuunganisha majina mawili ya mtu mmoja. Lakini katika mafunzo ya siku mbili tuliyopewa, hakuna aliyezitaja. Tulifundishwa kupakua rekodi za vitabu tu, tukaambiwa kazi imekwisha. Hata kulinda nilichokiongeza sikufundishwa. Nilikuwa nimekwisha kutia maneno ya Kiswahili kwenye vitabu kama mia mbili hivi, fundi aliyeletwa kutusaidia akapakua faili jipya kwa nia njema kabisa ya kusahihisha makosa, akaruhusu rekodi mpya zikalie za zamani. Asubuhi maneno yangu yote yalikuwa yamefutika. Koha ina kanuni za kuzuia hilo, unazipanga mara moja tu, uga gani uguswe na upi usiguswe. Nilizijua baada ya hasara. Nilirudia kazi ile kwa miezi minne. Ninazitaja hapa ili mkutubi mwingine anayesoma barua hii aziweke leo kabla hajapakua kitu kingine.

Namba za rafuni nazo zina kisa chake. Mpangilio wa Dewey ulitoka Marekani mwaka 1876, ukaipa fasihi ya Kiingereza 820, ya Kijerumani 830, ya Kifaransa 840. Fasihi ya Kiswahili imebanwa kwenye 896.392, na ukifika kwenye mashairi inakuwa 896.3921. Jaribu kuibandika lebo hiyo kwenye uti wa diwani ya kurasa sitini. Mpangilio wenyewe unaruhusu nchi kuipa fasihi ya lugha yake nafasi fupi kwenye 810, lakini rekodi iliyopakuliwa haiji hivyo, nami peke yangu siwezi kuanzisha namba ambazo shule ya jirani haizitumii. Mtoto akihama shule aanze kujifunza rafu upya? Mambo haya huamuliwa na watu wengi kwa pamoja.

Halafu kuna vitabu ambavyo Washington haina kabisa. Diwani zilizochapwa na mshairi mwenyewe kwenye duka la uchapaji na kuuzwa stendi. Vijitabu vya historia ya mitaa ya hapa Tanga. Vitabu vya zamani vilivyotoka kabla ya ISBN kuanza kutumika. Baadhi ya matoleo ya vitabu vya kiada. Hivi nimeviandikia rekodi mimi mwenyewe, na mpaka wiki iliyopita nilifikisha 412. Nimeandika jioni, wakati mwingine kwa taa ya chaji, nikipima kurasa kwa rula. Kila nilipotafuta kwenye seva zote ninazozifikia, yaani kompyuta zinazogawa rekodi, rekodi hizo sikuzikuta. Zipo kwenye kompyuta moja tu, hapa shuleni, na kompyuta hiyo feni yake inalia.

Najua sipo peke yangu. Katika kila wilaya yupo mkutubi au mwalimu aliyepewa maktaba pamoja na vipindi ishirini, naye anaandika upya rekodi ya kitabu kilekile ambacho mimi nilikiandika mwaka jana. Hatuonani. Mimi nikifanya kazi ya saa moja, na wa Muheza akaifanya, na wa Korogwe akaifanya, tumetumia saa tatu kwa kitabu kimoja, tena kila mmoja kwa tahajia yake.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ndiyo inayotoa ISBN kwa wachapishaji wa nchi hii. Mchapishaji anapoomba namba, hujaza jina la kitabu na la mwandishi. Maelezo hayo yageuzwe rekodi ya MARC siku hiyohiyo, iwekwe kwenye seva iliyo wazi, na mimi wa Tanga niipakue kitabu kikiwa bado kina harufu ya wino. Marekani wamekuwa wakiandika rekodi kabla kitabu hakijatoka tangu mwaka 1971, na mwaka 2017 walifungua rekodi milioni 25 zichukuliwe bure na yeyote duniani. Sisi hatuhitaji milioni. Tunahitaji vitabu vya Kiswahili, kwanza vile vinavyosomwa shuleni.

Orodha ya mada za Kiswahili nayo itengenezwe na wanaoijua lugha. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lipo tangu 1967, na wataalamu wa Kiswahili wa vyuo vyetu wapo. Wakae na wakutubi waamue: tuseme "ushairi" au "mashairi", "uvuvi" au "wavuvi", na maneno mengine yaelekeze huko. Waamue pia majina ya waandishi wetu yaanze wapi. Wenzetu wa Kenya na Zanzibar waitwe, maana rafu zangu zina vitabu vya Mombasa na Unguja, na ISBN za Kenya zinazoanza na 9966 sizibagui. Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, nami huwapeleka wanafunzi wangu na fulana zao. Ningependa mwaka mmoja siku hiyo zizinduliwe hata rekodi elfu moja tu zenye mada za Kiswahili.

Nitaambiwa hakuna fedha. Koha yenyewe ina uwezo wa kuwa seva, ule mlango uliotuletea rekodi za watu unaweza kutoa na za kwetu. Kinachotakiwa ni kompyuta isiyozimwa, mtu wa kuilinda na uamuzi wa ofisi. Tayari kompyuta zinatolewa mashuleni, tunaziona kwenye magazeti zikikabidhiwa na utepe umekatwa. Wanaozitoa nawaomba waulize swali moja la ziada: mkutubi wenu atapakua rekodi wapi, na zikiharibika atamuuliza nani? Siku mbili za mafunzo hazitoshi. Wiki mbili zingetosha, na ya pili yote iwe ya majina na mada.

Wakati tunasubiri wakubwa waamue, naanza na nilichonacho. Rekodi zangu 412 nimeziweka kwenye faili moja la MARC, halifiki hata megabaiti moja. Picha moja ya simu ni nzito kuliko hilo. Nitampa bure mkutubi yeyote atakayekuja, na aliye na za kwake aje nazo nizipakue kwangu. Maktaba naifungua saa mbili asubuhi na kuifunga saa kumi na moja jioni, Jumamosi naifunga saa saba mchana. Aje na flashi.

Mkutubi wa shule,
Tanga